Mafuta Mekundu Kwenye Kopo la Honda: Uchambuzi wa Kisa cha Usukani Uliolia

Gari na mwenye gari

Mwenye gari ni mama mmoja wa Dar es Salaam, mfanyakazi wa ofisi, anayeendesha Honda CR-V ya mwaka 2004 iliyoingia nchini ikiwa imetumika kutoka Japani. Kilometa kwenye dashibodi zilikuwa zimepita 160,000. Jina lake, mtaa wake na namba za gari tumeviacha. Mafundi aliowapitia kabla ya kuja kwetu hawatatajwa pia, na kusema kweli makosa yao sisi wenyewe tumewahi kuyafanya.

CR-V ya umri huo ina pawa stelingi ya mafuta, yaani usukani unaosaidiwa na mafuta yenye msukumo. Pampu inazungushwa na mkanda wa injini. Inavuta mafuta kutoka kwenye kopo dogo chini ya boneti, inayasukuma kwa nguvu hadi kwenye reki ya usukani, kile chuma kinachogeuza magurudumu, kisha yanarudi koponi kwa hosi nyingine. Shika hili moja, maana kisa chote kimelalia hapo: kati ya kopo na pampu mafuta yananyonywa, hayasukumwi. Upande wa msukumo ukiwa na tundu, mafuta yanavuja na utayaona chini ya gari. Upande wa kunyonya ukiwa na tundu dogo, hewa ndiyo inayoingia, na huenda usione hata tone sakafuni.

Kilichotokea

Dalili ya kwanza ilikuwa mlio wa asubuhi. Gari likiwashwa baada ya kulala nje, kulikuwa na sauti kama ya mbu mkubwa mbele, ikipanda kila mama alipokanyaga mafuta na kuzidi alipokata kona kutoka getini. Baada ya robo saa barabarani ilipungua. Akaendesha hivyo karibu mwezi mzima.

Siku alipokwenda kubadilisha oili ya injini, kijana aliyemhudumia alifungua boneti na kumwonyesha kuwa mafuta ya pawa yameshuka chini ya mstari wa chini. Akajazia ATF nyekundu, yaani mafuta ya gia boksi ya otomatiki. Mama aliuliza kama ndiyo yenyewe, akajibiwa, "Mama, mafuta ya pawa ni haya haya mekundu, gari zote."

Mlio ukapungua kwa siku mbili, kisha ukarudi. Akarudi kwa kijana, akajaziwa tena. Mara ya tatu akahamia gereji nyingine. Huko fundi alivuta mafuta koponi kwa sirinji mara moja, akajaza ATF mpya, halafu akaongeza chupa ya dawa ya kuziba uvujaji. Safari hii nafuu ilidumu wiki nzima, na mama akaamini tatizo limekwisha. Liliporudi, fundi yule alilala chini ya gari, akakuta upande mmoja wa reki umelowa mafuta na vumbi, akatoa hukumu: reki imekufa. Reki iliyotumika kutoka Japani pamoja na ufundi vingemgharimu mama laki tano na nusu.

Hapo ndipo mdogo wake alipomleta kwetu.

"Fundi, naambiwa reki imekufa."

"Pole, mama. Nani ameifungua akaiona?"

Hakuna aliyeifungua.

Tulichokiangalia kabla ya kugusa chochote

Tulikubaliana hakuna kuongeza hata tone la mafuta siku ile. Gari likishajaziwa mara tatu na watu wawili, tone la nne linafuta ushahidi.

Tulianza na kifuniko cha kopo. Kilikuwa na tabaka la vumbi lililoshikana na mafuta. Kijana wetu alikifuta kwa kitambaa chenye petroli na herufi zikatokea: PSF. Hayo ni mafuta maalumu ya Honda ya pawa stelingi, si ATF. Kitabu cha gari kinasema hivyo wazi: ATF au mafuta mengine ya pawa yanaweza kuongeza uchakavu na kufanya usukani uwe mzito kwenye baridi. Na ikibidi kutumia mengine kwa dharura, mfumo usafishwe na kujazwa PSF mapema iwezekanavyo. Kwa hiyo watu wawili walisimama mbele ya kifuniko chenye jibu, na hakuna aliyekifuta.

Kisha tukawasha injini na kumulika koponi kwa tochi. Povu. Mafuta yalikuwa na rangi ya chai ya maziwa yenye wekundu kwa mbali, yakichemka vitone vya hewa. Nje ya kopo, chini ya kifuniko, kulikuwa na michirizi. Mafuta yenye hewa yanavimba. Yakivimba yanapanda hadi kifunikoni na kutoka kidogo kidogo, yanateremka ubavuni mwa kopo, upepo wa feni na wa barabarani unayasambaza hadi chini. Tukaanza kupata jibu la swali ambalo hakuna aliyeliuliza: mafuta yalikuwa yanakwenda wapi?

Reki tuliipima kwa njia ambayo kila fundi angeweza kuitumia. Tulilegeza kibano cha mpira wa vumbi, ule unaofunika mwisho wa reki, upande ule uliolowa na kuukunja nyuma. Sili ya ndani ya reki ikichoka, mafuta hujaa ndani ya mpira huo. Ndani kulikuwa pakavu, grisi tu. Uchafu wote ulikuwa nje, umetoka juu.

La mwisho, ili tusilaumu pampu kwa kosa la injini yenyewe, tulitoa mkanda na kuwasha injini kwa sekunde chache. Kimya. Sekunde chache tu, kwa sababu mkanda huo huo ndio unaozungusha pampu ya maji. Tukaurudisha, mlio ukarudi. Basi sauti ilitoka kwenye kitu kinachozungushwa na mkanda, na lile povu pamoja na mlio kuzidi kwenye kona vilionyesha kuwa ni pampu ya pawa, ikinywa hewa.

Maamuzi, na ubishi ulioleta maamuzi hayo

Kijana mmoja alitaka tusafishe mfumo kwanza, tutoe mafuta mekundu yote, tuweke PSF, halafu tusikilize. Hoja yake haikuwa ya kijinga: mafuta yasiyo yake yamo ndani, yaondolewe kwanza. Mimi nilipinga. Mafuta sahihi yakiingia kwenye mfumo unaovuta hewa yatatoa povu sawasawa na yale mekundu, na PSF halisi si ya kumwaga mara mbili. Tuzibe hewa kwanza.

Hewa ilikuwa inapita wapi? Kwenye Honda za miaka ile mtuhumiwa wa kwanza anajulikana: oringi ndogo, pete ya mpira ya kuziba, pale hosi ya kunyonya inapoingia kwenye pampu. Mpira huo unakaa jirani na joto la injini miaka yote. Unakauka, unakuwa mgumu, na asubuhi chuma kikiwa baridi unaacha upenyo. Gari likipata joto unatanuka kidogo na kuziba nusunusu. Ndiyo maana mama alisikia mlio asubuhi na kuusahau mchana.

Tulifungua bolti mbili za spana 10, tukatoa kiungo, na oringi ikatoka. Ilikuwa imebonyea upande mmoja, ngumu kama kipande cha jagi la plastiki. Nilipojaribu kuikunja kwa vidole ikakatika.

Hapa nasi tukakosea. Oringi yake haikuwepo dukani siku hiyo, na kwenye boksi letu la oringi mchanganyiko tulipata moja iliyoonekana sawa kwa macho. Mama alikuwa anasubiri kwenye benchi, jioni imeingia, tukaifunga. Mlio ulishuka kwa kiasi cha kuweza kumdanganya mteja, lakini asubuhi yake mama alipiga simu: upo, ingawa si kama zamani. Oringi iliyo nyembamba kwa sehemu ndogo ya milimita inashika mafuta lakini haishiki hewa. Tukaagiza ile ya Honda yenyewe, pamoja na ile ya upande wa msukumo kwa sababu tulikuwa tumekwisha kufungua. Bei ya zote mbili haikufika bei ya chakula cha mchana cha watu wawili. Gharama halisi ilikuwa siku mbili za mama bila gari.

Siku hizo mbili tulizitumia kutafuta mafuta. Duka la kwanza la spea lilitupa chupa ya "magari yote". Tuligeuza nyuma ya chupa tukasoma orodha ya viwango: jina la Honda halikuwemo. Muuzaji akasema, "Chukua tu fundi, kila mtu anachukua hii." Tuliiacha. Maneno makubwa mbele ya chupa ni ya biashara. Maandishi madogo ya nyuma ndiyo ahadi, na kama mtengenezaji mwenyewe hathubutu kuandika kuwa mafuta yake yanafaa Honda, mimi sina sababu ya kuthubutu kwa niaba yake. Duka la tatu lilikuwa na PSF ya Honda yenye muhuri ambao haujaguswa. Tukachukua lita 2.

Namna tulivyoyaondoa mafuta ya zamani

Sirinji peke yake haitoshi, na hesabu yake ni rahisi. Kopo lilikuwa linabeba, kwa makadirio yetu, sehemu mbili kwa tano ya mafuta yote. Mengine yako kwenye hosi, pampu na reki. Ukivuta koponi mara moja na kujaza mapya, asilimia 60 ya yaliyomo bado ni ya zamani. Ukizungusha usukani yachanganyike na kurudia, zinabaki 36. Mara ya tatu 22, ya nne 13, ya tano 8. Fundi wa gereji ya pili alivuta mara moja.

Sisi tuliinua magurudumu ya mbele na kuweka stendi. Tukachomoa hosi ya kurudi kwenye kopo, tukaziba tundu lake koponi, hosi tukaielekeza kwenye chupa ya maji tupu. Mmoja akazungusha usukani kutoka upande hadi upande, injini ikiwashwa kwa vipindi vifupi, mwingine akimimina PSF asiache kopo likauke. Kopo likikauka mara moja umeingiza hewa ile ile uliyokuwa unaifukuza. Usukani haukushikiliwa mwishoni mwa kona zaidi ya sekunde chache, kwa sababu pale pampu inasukuma kwa nguvu zake zote na mafuta hayana pa kwenda, joto linapanda haraka. Yaliyotoka yalianza mekundu ya udongo, yakawa ya kahawia, mwisho yakafanana na yale ya chupani.

Hosi ilirudishwa, kopo likajazwa hadi mstari wa juu, usukani ukazungushwa mara nyingi injini ikiwa imezimwa ndipo tukawasha. Vitone vichache vya hewa vilipanda, vikaisha.

Matokeo

Asubuhi iliyofuata mama aliwasha gari nyumbani na kuweka simu karibu na boneti tusikie. Hakuna mlio. Baada ya wiki 2 mafuta yalikuwa kwenye mstari ule ule. Kwenye ukaguzi wa mwezi wa pili yalikuwa hayajashuka, ila rangi ilikuwa imefifia kuelekea kahawia, dalili kwamba mabaki ya mchanganyiko wa zamani, na labda ile dawa, yalikuwa bado yanatoka kwenye pembe za reki. Tulivuta na kujaza tena kwa sirinji mara mbili bila malipo. Reki ni ile ile aliyokuja nayo. Laki tano na nusu zilibaki mfukoni mwake.

Pampu sina uhakika nayo kwa miaka mitano ijayo, na nilimwambia hivyo. Wiki nyingi za kutafuna povu zinakwangua mabapa na kuta za ndani, na hilo huwezi kulipima bila kuifungua.

Uchambuzi

Ningependa kuandika kwamba ATF ndiyo iliyoharibu gari hili, kingekuwa kisa chepesi kusimulia. Haikuwa hivyo. Mlio ulianza kabla tone la kwanza jekundu halijaingia. Oringi ilikuwa imekwisha kuzeeka. Kosa la ATF lilikuwa la namna nyingine: ilileta nafuu. Kopo likijaa, hewa inayovutwa na pampu inapungua siku moja mbili, na kila mtu anapata ushahidi kuwa tiba imefanya kazi. Dawa ya kuziba ilidanganya vizuri zaidi, kwa sababu dawa za aina hiyo hulainisha na kuvimbisha mpira. Oringi iliyokauka ikavimba, ikaziba wiki moja, ikachoka tena. Nafuu mbili mfululizo zilimpeleka fundi wa pili moja kwa moja kwenye spea ya bei kubwa. Mafuta ya pawa hayachomwi kama petroli. Yakipungua yametoka, na anayejaza bila kutafuta yametokea wapi anajaza debe lililotoboka.

Sasa lile neno la "gari zote". Yule kijana hakulitunga. Barabara zetu zimejaa Toyota, na Toyota za pawa ya mafuta, kuanzia Prado hadi Mark II, zinataka ATF ya daraja la Dexron II au III. Ukijifunza ufundi kwa miaka mitano chini ya Toyota, mafuta mekundu yanakuwa sheria ya dunia kichwani mwako. Sheria hiyo inavunjika kwa Honda. Inavunjika kwa magari mengi ya Ujerumani yanayotaka mafuta ya kijani ya CHF, mepesi zaidi kuliko ATF, na hapo nako kuna mtego: BMW nyingine zinataka ATF, kifuniko ndicho kinachosema. Inavunjika kichekesho kwa Vitz, Passo na IST nyingi, ambazo usukani wake unasaidiwa na mota ya umeme na hazina kopo lolote la pawa. Nimewahi kumwona mtu analitafuta kopo hilo nusu saa, na nina wasiwasi alichokaribia kukijaza kilikuwa kopo la breki.

Breki nitaigusa kwa sababu ndiyo hatari kubwa kuliko zote. Mafuta ya breki ya DOT 3 na DOT 4 hayana msingi wa oili kama haya ya pawa, na mpira wa sili za pawa haukuundwa kuyastahimili. Unavimba na kulainika. Ukiyamwaga kwenye kopo la pawa kwa bahati mbaya, usiwashe injini. Yakiwa hayajazunguka unaosha kopo tu. Yakizunguka, uko karibu na bei ya reki na pampu kwa pamoja. Kinyume chake ni kibaya zaidi: mafuta ya pawa kwenye breki yanavimbisha mipira ya breki, na hapo hatuongelei mlio tena.

Rangi haiamui kitu. Ni rangi iliyotiwa kiwandani, na ATF ya Honda yenyewe ya gia boksi nayo ni nyekundu. Hata jina Dexron III chupani linahitaji jicho: General Motors waliacha kutoa leseni ya kiwango hicho mwishoni mwa mwaka 2006 baada ya kuleta Dexron VI, kwa hiyo chupa ya leo yenye jina hilo ni neno la aliyeitengeneza peke yake. Siyo kwamba ni mbovu. Ina maana jina la kampuni iliyoitengeneza lina uzito kuliko namba iliyoandikwa.

Katika vyote tulivyofanya, kilicholipa zaidi ni kukunja ule mpira wa vumbi wa reki. Dakika kumi na bisibisi. Kilichotuaibisha ni oringi ya boksi, na siisingizii jioni wala mama aliyekuwa benchini, kwani nilijua tangu naifunga kwamba inaingia kirahisi mno.

Tulibandika utepe mweupe kwenye kopo na kuandika kwa kalamu nzito PSF TU, pamoja na tarehe. Wiki chache baadaye mdogo wake mama akaja na Prado yake, haina tatizo lolote, mkononi ana chupa mpya ya PSF ya Honda. Alitaka tumwagie "haya mazuri" badala ya yale mekundu. Tukafungua boneti, tukampa kitambaa, akafuta kifuniko mwenyewe, akasoma Dexron kwa sauti. Chupa akampelekea dada yake.